Pilipili Nisiyoila

Idi ya mwaka juzi, tulipotoka kuswali, rafiki yangu wa tangu ujana alinivuta akanikumbatia kwa nguvu zake zote. Nikatokwa na machozi. Yeye naye macho yakamlengalenga, akawageukia waliosimama karibu: "Mnamwona Mwalimu? Ana moyo laini huyu." Nikatabasamu. Sikumwambia kuwa mkono wake ulikuwa umepita juu ya mbavu zangu za kushoto, na kwamba pale alipopagusa palikuwa panawaka kama pamemwagiwa uji wa moto.

Miezi mitano kabla ya siku ile niliugua mkanda wa jeshi. Ulianza kwa muwasho, nikadhani mdudu kapita kwenye shati lililoanikwa. Siku ya tatu yakatoka malengelenge, yamejipanga kuanzia uti wa mgongo hadi chini ya titi, upande mmoja tu, kama mtu aliyefungwa mshipi nusu. Baada ya wiki nne ngozi ilikuwa imekauka, likabaki baka jeusi. Majirani wakaja kunipa mkono: alhamdulillahi, Mwalimu kapona. Baka lenyewe sasa halionekani sana. Moto upo mpaka leo.

Kirusi chake ni kile kile cha tetekuwanga niliyougua utotoni. Mtoto akipona, chenyewe hakitoki mwilini. Hujibanza kwenye mizizi ya neva kandokando ya uti wa mgongo, kikalala humo hata miaka hamsini. Umri ukisogea au kinga ikishuka, huamka kikafuata neva moja hadi kwenye ngozi, ndiyo sababu mshipi ule hauvuki upande wa pili. Njiani huijeruhi neva hiyo. Wengi hupona kabisa. Kwa baadhi yetu, hasa wenye umri mkubwa, neva iliyojeruhiwa huendelea kupeleka habari za moto ubongoni ilhali moto ulishazimika. Ni mlinzi aliyemwona mwizi usiku mmoja, sasa kila usiku anapuliza filimbi, na mwizi kahama mji. Dawa ya kukikabili kirusi ipo, asaiklovia, na inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Mimi saa zangu 72 nilizimaliza kwa asali, habasoda na ushauri.

Nilichelewa kwa sababu ya aibu, sina haja ya kuipamba. Sisi tuliokuwa watu wazima miaka ya 1990 tunakumbuka mtaa ulivyokuwa ukiusoma mkanda wa jeshi: mtu akionekana nao tu, keshaandikiwa cheti. Ni kweli kwamba kinga iliyodhoofishwa na VVU huweza kuuleta, na daktari aliponitaka nipime alifanya kazi yake. Nilipima. Majibu siyaandiki hapa, kwani hakuna aliyewahi kuniuliza majibu yangu ya sukari.

Maumivu haya yana vituko. Kitu kizito hakiniudhi kama chepesi. Nikiweka kiganja nikakandamiza, napata ahueni. Shuka likipita juu juu, nauma meno. Feni ikiipeperusha fulana yangu ni adhabu, na Tanga mwezi wa Februari bila feni ni adhabu nyingine, basi nachagua. Fulana naivaa nje ndani ili mshono usinikwaruze. Kwenye daladala nakaa dirishani safu ya kushoto, ubavu uelekee kwenye bati na si kwenye kiwiko cha mtu. Mjukuu wangu, ambaye nilikuwa nampakata kushoto, sasa anajua goti lake ni la kulia. Aliniuliza mara moja tu: "Babu, kidonda kiko wapi?" Nikamwonyesha. Akatazama, akanitazama usoni, akaenda zake kucheza. Hakuona kitu.

Hata wakubwa hawaoni. Zahanati ya kwanza niliyokwenda, mhudumu aliifunua fulana akasema, "Mzee, mbona pamepona? Hayo ni mawazo." Nikapewa diklofenaki, nikaimeza mpaka tumbo likalalamika, na ubavu haukuwa na habari. Baadaye daktari mwingine akaniandikia amitriptilini, dozi ndogo ya kumeza usiku. Binti wa duka la dawa akaigeuza ile karatasi: "Babu, hii ya nani? Hii ni dawa ya mawazo." Nilirudi nyumbani nimeshindwa kesi. Pakiti ikalala kwenye droo wiki mbili, mimi sikulala.

Niliporudi kwa daktari kumgombeza, hakukasirika. Akaniambia dawa hiyo iliingia sokoni mwaka 1961 kwa ajili ya sonona, kisha ikaonekana kwamba kwa kiwango kidogo hutuliza neva zinazopiga kelele, awe mtu ana huzuni au hana. Hakuniahidi kupona. Alisema tutafurahi maumivu yakipungua nusu, na hilo neno "tutafurahi" lilinishinda. Sasa naimeza saa mbili usiku. Kinywa kinakauka, asubuhi kichwa kizito mpaka nimalize chai, lakini nalala hadi saa kumi alfajiri. Mlinzi hajaacha kazi. Ameacha filimbi, anapiga mluzi.

Mtaani kwetu yupo fundi baiskeli mwenye kisukari, nacho kimemjeruhi neva za miguu. Nyayo zake huwaka usiku, hulala kaziweka juu ya sakafu tupu. Mwaka jana alikanyaga msumari kutoka kwenye kibanda chake akatembea nao hadi nyumbani. Mkewe ndiye aliyeona damu kwenye ndala. Nimelifikiria sana jambo hili. Miguu ile ile inayopiga kelele pasipo na kitu ndiyo iliyonyamaza penye msumari. Siku hizi kila jioni anazikagua nyayo zake kwa kioo kidogo cha kunyolea, kwa kuwa neno lake mguu haliaminiki tena. Mimi na yeye hatupeani pole. Tunaulizana, "Jana?" na jibu huwa namba ya saa alizolala.

Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Walimkusudia mdaku, lakini swali lile lingefaa kubandikwa mlangoni kwangu, kwa kuwa ndilo ninaloulizwa kwa macho kila siku. Mwaka 2021 Mmarekani David Julius alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian; katika kazi zake alikigundua kipokezi cha kwenye neva kinachoshtuliwa na joto kali, na hicho hicho kikashtuliwa na pilipili. Neva hupeleka habari moja tu, "moto". Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Kiswahili huwasha taa, huwasha jiko, ngozi huwasha, pilipili huwasha, na hakikungoja maabara.

Ambapo lugha yetu hunitatiza ni kwenye salamu. Hujambo? Sijambo. Umzima? Mzima. Jibu linatoka kabla mtu hajajikagua, na ukijibu vingine unakuwa umemsimamisha mwenzio njiani, ana safari zake. Lakini mama yangu, alipokuwa mgonjwa, alikuwa na jibu lake: "Sijambo kidogo." Nililisikia mara elfu nikidhani ni unyonge. Sasa nalitumia. Mwenye haraka hupita na "sijambo", mwenye nafasi husikia "kidogo" akavuta kiti.

Rafiki yangu alivuta kiti mwezi wa Rajabu, kwenye baraza ya kahawa. Nikamweleza yote, pamoja na machozi ya Idi. Alinyamaza, akazungusha kikombe. "Kwa hiyo siku ile nilikuwa nakutesa." Nikamwambia ndiyo. "Na mimi nikawaambia watu una moyo laini." Tukacheka mpaka muuza kahawa akatugeukia.

Idi ya mwaka huu alinijia kwa kasi ile ile, mikono wazi, kisha akasimama hatua mbili kutoka nilipo.

"Upande upi?"

"Kulia."

Akazunguka, akaja kulia.