Je, Uraia Unanunuliwa?



Juzi kijana mmoja wa kanisa alitujia baada ya ibada ya jioni. Mtu fulani alimwahidi kadi ya NRC kwa malipo. Kadi hiyo ingesema kwamba alizaliwa kijiji fulani cha hapa Luapula, na kwamba baba yake ni Mzambia. Kijana akatuuliza, "Pasta, ni dhambi? Nataka tu kupeleka chisense yangu Mansa bila kusimamishwa njiani." Hatukumjibu upesi. Tunaijua njaa ya nyumbani kwao. Tena sisi wenyewe tumewahi kutoka bila kibali, siku mtoto alipougua usiku. Basi kabla ya kumhukumu, tuyapime pamoja maneno matatu: raia, taifa na uhuru.

Tuanze na raia. Neno hili lilitoka Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Kwetu Kongo tulilisikia zaidi wakati wa vita: kulikuwa na askari na kulikuwa na raia, na raia ndiye aliyekimbia. Lakini kundi na mchungaji wana wajibu pande zote mbili. Kundi husikia sauti, mchungaji hulinda. Mwaka 2017, tulipokimbia kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, tulikuwa tumetii na tumelipa kodi, wala hakuna aliyetulinda. Je, uraia wetu ulikufa siku ile? Hapana. Mchungaji akishindwa kazi yake, kondoo hageuki kuwa mbuzi. Kwa sheria sisi ni Wakongo bado. Na mtoto aliyezaliwa Kenani au Mantapala kwa baba na mama Wakongo ni Mkongo pia, maana katiba ya Zambia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka angalau mzazi mmoja awe raia.

Hata hivyo, raia wa siku hizi anamzidi kondoo, kwa kuwa kondoo hachagui mchungaji. Agosti 2021 tuliwaona majirani zetu wamepanga foleni kupiga kura, nasi tukabaki mashambani. Ziwa linapofungwa kwa uvuvi, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, nyavu zetu hukauka sawasawa na zao. Tunaishika sheria ambayo hatuna sauti katika kuitunga. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu waliotupokea. Tunasema ili tujue kijana yule anatafuta nini. Hatafuti karatasi. Anatafuta kuhesabiwa.

Neno la pili ni taifa. Wengine husema taifa ni damu. Tulitazame ziwa letu. Mpaka unaopita majini ulipangwa katika mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold. Hakuna mvuvi aliyeitwa kuulizwa. Waluunda wa Mwata Kazembe, Washila na Wabwile walijikuta pande zote mbili, na hata leo Kibemba kinasikika Kilwa kama kinavyosikika Kashikishi. Kama taifa lingekuwa damu tu, mstari ule usingeweza kututenga. Na kama taifa lingekuwa mstari tu, Zambia yenye makabila zaidi ya 70 isingekuwa taifa moja tangu mwaka 1964. Sisi tunaona kwamba taifa ni watu waliokubali kubebeana mizigo. Ruthu Mmoabi hakuwa na damu ya Israeli, lakini alibeba mzigo wa Naomi, akahesabiwa miongoni mwao.

Neno la tatu ni uhuru. Tulipofika hapa na kulala usiku wa kwanza bila mlio wa bunduki, tulisema, "Sasa tuko huru." Ilikuwa amani, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini anayeomba kibali ili afike sokoni hajawa huru kamili, hata kama kibali hutolewa kwa upole. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1969, ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kukaa. Huo ndio mzizi wa kile kibali. Lakini tusikosee upande wa pili. Wenye bunduki kule kwetu nao walijiita huru, kwa sababu waliweza kufanya watakalo. Uhuru wa namna ile ni wa fisi zizini. Mtu huru haishi kwa huruma ya mwenzake, na hakuna anayeishi kwa kumwogopa yeye.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Katika Matendo ya Mitume 22, Paulo alipotaka kupigwa mijeledi alitaja uraia wake wa Kirumi. Yule jemadari akakiri kwamba yeye aliupata wake kwa fedha nyingi. Paulo alizaliwa nao. Wengine watasema, "Basi hata Biblia inajua uraia wa kununua." Ndiyo, lakini tazameni Paulo alifanya nini. Alisimama juu ya jambo la kweli, kwa hiyo halikuvunjika lilipochunguzwa. Kadi ya uongo ni ngao ya karatasi. Itakulinda njiani siku mia, na siku utakayosimama mbele ya hakimu itakugeukia. Tena ili uipate, inabidi uandike baba ambaye si wako. Baba aliyekubeba mgongoni tukikimbia unamfuta kwa kalamu. Hiyo ndiyo dhambi tunayoiona. Kutaka kuhesabiwa si dhambi.

Wala kuwa Mzambia kwa njia ya haki si usaliti. Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokimbia mwaka 1972, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Hapa Zambia, mwaka huohuo wa 2014 ulianza mpango wa kuwawezesha wakimbizi wa zamani wa Angola kubaki kihalali huko Meheba na Mayukwayukwa. Njia ipo, ila ni ndefu na ina gharama. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauchanganyiki na mwingine. Atakayechagua, achague macho wazi, na kanisa lisimcheke anayebaki wala anayerudi.

Kijana alitusikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Na chisense?" Swali lake ni la haki. Kwa hiyo wazee wamekubali kumsindikiza kuomba kibali, na kila atakayeomba asiende peke yake. Kubebeana mizigo kuanzie hapo.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.