Kabla ya Kutupa: Hiki ni cha Nani?



Ndugu msomaji, mwezi wa Shaabani ukikaribia kwisha, Buyenzi nzima hunukia sabuni. Mazulia yanatolewa uani, makochi yanasogezwa, vyombo vinashushwa kabatini, na akina mama wanagawa kazi: wewe leo jikoni, wewe kesho chumbani, stoo tutaiingia Jumamosi. Utaratibu huo wa sehemu moja moja ni wa busara. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo, na anayetaka kuimaliza nyumba nzima kwa siku moja aghalabu huishia kuhamisha fujo kutoka chumba hiki kwenda kile.

Ninalotaka kulijadili ni swali tunalojiuliza tukiwa tumekishika kitu mkononi. Wengi wetu huuliza: kinafaa au hakifai? Mjapani Marie Kondo, ambaye vitabu vyake vimesomwa katika nchi nyingi, amewafundisha watu wajiulize kama kitu hicho kinawapa furaha. Kisichowapa furaha wakiache kiende. Simbezi, maana amewasaidia wengi kuacha kuabudu makabati yao. Lakini swali lake na letu yote mawili yanachukulia jambo moja kuwa limekwisha kuthibitika: kwamba kila kilichomo ndani ya nyumba yangu ni changu, na kilichobaki ni mimi kuamua. Nadai kwamba Muislamu ana swali linalotangulia hayo, nalo ni gumu zaidi. Hiki ni cha nani?

Anza na jikoni, ambako jibu hupatikana upesi. Katika nyumba zetu, ukishusha vyombo vyote na kuvipanga chini, utakuta sufuria kubwa iliyoazimwa kwa ajili ya maulidi, sinia lililokuja na pilau ya harusi ya jirani na halikurudi, birika ambalo hakuna anayekumbuka lilitoka wapi, na chupa ya chai yenye jina la mtu limeandikwa kwa rangi chini ya kitako. Vyombo vya namna hii havikuibwa. Vilikuja kwa wema na vikakaa kwa uvivu. Hata hivyo fiqhi haina mlango unaoitwa uvivu. Kitu cha kuazima kinabaki kuwa cha mwenyewe hata kikikaa miaka kumi, na aliyeazima anawajibika kukirudisha. Kukitia katika fungu la kutoa sadaka ni kutoa mali ya mtu mwingine, na thawabu ya mali ya mtu mwingine sijui ataandikiwa nani.

Jikoni pia ndipo tunapokutana na sura ya Al-Maun. Wafasiri wamekhitilafiana kuhusu neno hilo la mwisho lililoipa sura jina lake. Wapo waliosema ni zaka. Ibn Masud (r.a.) yeye alilieleza kwa vitu ambavyo watu huazimana: chungu, ndoo, shoka. Kwa tafsiri hii, sura inayowakemea wanaosali kwa kujionyesha inamalizia kwa watu wanaomnyima jirani sufuria. Kwa hiyo vyombo vyetu vina hesabu ya pande mbili, cha mwenzio kilichokwama kwako na chako ulichomnyima mwenzio, na huo upande wa pili hauonekani hata ukipanga rafu zako vizuri namna gani.

Sira inatupa mfano wa mtu aliyeifunga nyumba yake kwa swali hilihili. Usiku wa kuhama Makka, Mtume (s.a.w.) alikuwa na amana za watu nyumbani kwake, na wengi wa wenye amana hizo walikuwa katika Makureshi waliompinga. Walikataa ujumbe wake lakini hawakuona mtu mwaminifu zaidi wa kumwekea mali zao. Alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) nyuma ili azirudishe kwa wenyewe, naye akabaki siku tatu kabla ya kumfuata Madina. Nadhani hoja ya kusema “hawa wametutesa, na sisi tunaondoka” ingekuwa rahisi sana usiku ule. Na huko Madina, imepokewa katika Bukhari kwamba siku moja baada ya sala ya alasiri alinyanyuka kwa haraka, akapita juu ya mabega ya watu kwenda chumbani kwa mmoja wa wakeze, mpaka watu wakashtuka. Aliporudi aliwaeleza kuwa alikumbuka kipande cha dhahabu kilichokuwa nyumbani, akachukia kisilale hapo, akaamuru kigawanywe. Dhahabu ile ilikuwa ya sadaka. Yaani ilikuwa ya watu, na kilichomharakisha ni kwamba haki ya watu imo ndani ya nyumba yake usiku unakuja.

Kabatini sitakaa sana, maana khutba za Ijumaa zimekwisha tufundisha. Aya ya 267 ya sura Al-Baqara inatukataza kukusudia kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Basi shati lililochanika kwapani si sadaka. Ni tambara la kupigia deki, na hakuna aibu kulitumia hivyo. Tumezoea mno kuyaita “msaada” yale tunayoyaondoa ili tupate nafasi.

Palipo na uzito ni stoo, na hasa lile sanduku la marehemu.

Ndugu zangu, hapa naomba tusikilizane. Mtu anapofariki, nyumba huumia kwa kuviona vitu vyake: kanzu msumarini, viatu mlangoni, miwani juu ya msahafu. Baada ya siku chache mkubwa mmoja wa ukoo husema, kwa nia njema kabisa, nguo zigaiwe, baiskeli apewe fulani aliyekuwa rafiki yake, cherehani ipelekwe madrasa, thawabu zimfikie marehemu. Kila mtu huitikia. Nani atasema hapana, na machozi hayajakauka?

Chukua mfano wa marehemu aliyeacha mke, watoto wawili wa kiume, na binti wa miaka mitano. Gharama za mazishi zimetoka, hakuna deni, hakuna wasia. Cherehani yake inaweza kuuzwa faranga 400,000. Kwa mgawanyo wa sura An-Nisaa, mke ana thumuni, yaani 50,000. Zinazobaki 350,000 ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, hivyo kila mwana ana 140,000 na binti ana 70,000. Mama na kaka wakubwa, ikiwa wamebaleghe na wana akili timamu, wanaweza kusamehe mafungu yao na kuyatoa sadaka, na Mwenyezi Mungu awalipe. Binti hawezi. Ridhaa yake haihesabiki kwa umri ule, na hata walii wake hana ruhusa ya kuitoa zawadi mali ya yatima, kwa sababu kazi yake ni kuihifadhi. Zile 70,000 zimetoka mfukoni mwa mtoto aliyekuwa amelala chumba cha pili wakati wakubwa wanasifiana ukarimu. Sote tunaijua aya ya 10 ya sura hiyo inavyomweleza anayekula mali ya yatima kwa dhulma, kwamba anachokitia tumboni ni moto.

Mtu atanijibu kwamba nazidisha. Hizi ni nguo kuukuu, na kumhesabia mtoto thamani ya kanzu ya baba yake ni kukosa utu. Hoja hiyo naiheshimu. Kuna vitu ambavyo thamani yake ni ndogo kiasi kwamba hakuna mahakama ingevishughulikia, na nyumba ya msiba si mahali pa kupigia kikokotoo. Isitoshe, Qurani yenyewe katika aya ya 8 inataka ndugu wasiorithi, mayatima na maskini wanaohudhuria mgawanyo wapewe kitu na waambiwe maneno mazuri. Ukarimu kwenye mirathi basi si uzushi. Lakini wapo katika wafasiri waliosema kwamba ikiwa warithi ni wadogo, walii atoe yale maneno mazuri na kuomba radhi, asitoe mali. Tazama jinsi walivyokuwa waangalifu: hata pale ambapo aya inaamrisha kutoa, waliuliza kwanza kinatoka kwa nani. Na utu unaotajwa na mpinzani wangu, mbona unamwelekea tu mpokeaji aliyesimama mlangoni, haumfikii mtoto?

Upande wa pili wa kosa hilo ni kuliacha sanduku lifungwe. Zipo nyumba ambazo stoo ina vitu vya babu aliyefariki kabla wajukuu hawajazaliwa, na hakuna aliyegawa chochote. Tunaita kumuenzi. Wakati huo panya wanatafuna, warithi wanakufa na kuacha warithi wengine, na cherehani iliyokuwa ya watu wanne sasa ina wenyewe kumi na saba, baadhi yao wako Uvira na wengine Kigali. Anayesafisha stoo kwa subira, akafungua sanduku, akaandika orodha, akawaita wenye haki, amefanya kazi ya kadhi akiwa ameshika ufagio.

Baada ya yote hayo kuondoka, kinabaki kile kilicho changu kweli. Hapo ndipo swali la kufaa na kutofaa linapopata nafasi yake, na hapo wanachuoni hawakukubaliana. Abu Dharr (r.a.) aliona si halali mtu kurundika ziada ilhali wengine hawana, na msimamo wake ulimletea ugomvi na Muawiya huko Sham. Wengi wa Maswahaba walishika kwamba mali iliyotolewa zaka si ile hazina inayolaaniwa. Fatwa iko kwa wengi, nami siwezi kumwambia mama yangu kwamba seti yake ya pili ya vikombe ni haramu. Ila Abu Dharr hunijia akilini kila ninapoona kabati lisilofungika mlango.

Na sisi wa hosteli tusijione tumesalimika kwa kuwa hatuna stoo. Kila mwisho wa mwaka wanaohitimu huondoka kwa haraka, na chini ya vitanda hubaki magodoro, ndoo, chaja, vitabu vya fiqhi vyenye majina ya watu. Aliyesema wazi “nimewaachia” amemaliza maneno. Aliyeondoka kimya, namba yake ya simu ipo kwenye kundi la darasa. Apigiwe kabla godoro halijapata mlalaji mwingine. Na ambaye hapatikani kabisa, wapo wanachuoni waliosema kitu chake kiuzwe na thamani itolewe sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea achague: aikubali sadaka ile iwe yake, au alipwe. Ndiyo maana jina lake na kiasi kilichopatikana viandikwe kwenye daftari la jumuiya, tarehe ikiwemo.