Jina la Kapita

Katika nchi ya Luapula, kaskazini mwa Zambia, mtu mzima akifa jina lake haliingii kaburini. Ndugu hukaa kikao, humchagua mmoja wa ukoo, na huyo hukabidhiwa jina la marehemu pamoja na nafasi yake. Wenyeji huita jambo hilo ukupyana. Mrithi akiwa kijana wa miaka ishirini, wajukuu wa marehemu watamwita babu, naye ataitika. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyeishi huko mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu juu ya watu wa Luapula mwaka 1959, alieleza jinsi mwenye cheo anavyosimulia matendo ya waliomtangulia kwa kusema "mimi", hata kama waliyatenda kabla ya babu yake kuzaliwa.

Swali langu ni dogo kuliko hilo, na wapo watakaolicheka. Mbwa uliyempenda akipotea, je, ni haki kumchukua mwingine na kumweka mahali pake? Na ukimchukua, umwite jina la yule wa kwanza? Najua ninauliza kwa lugha ambayo kumwita mtu mbwa ni kutafuta ugomvi. Lakini tusi hilo halijawahi kumzuia mtoto yeyote kumlilia mbwa wake.

Kwetu ni Kilwa. Si ile Kilwa Kisiwani ya vitabu vya historia, ni mji wa bandari upande wa Kongo wa Ziwa Mweru. Mbwa wetu aliitwa Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, jina la tangu enzi za Wabelgiji, kwa sababu alitembea mbele ya mbuzi kama mtu anayelipwa mshahara. Mwaka 2017 maelfu ya watu wa Katanga ya Juu na Tanganyika walikimbilia Zambia, na sisi tukawa miongoni mwao. Mwenye mtumbwi alisema watu kwanza. Alisema kweli, aliyekaa pembeni yangu alikuwa amepakata mapacha na hapakuwa na nafasi hata ya sufuria. Kapita aliogelea nyuma yetu. Baba alitutuliza kwa methali: mbwa hafi maji akiona ufuko. Sisi watoto tuliamini. Ilinichukua miaka kutambua kwamba methali inamzungumzia mbwa anayeutazama ufuko, na Kapita alikuwa anatutazama sisi.

Tulipokelewa wilayani Nchelenge, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalipofunguliwa tukapewa kiwanja. Kwa miaka mingi hatukufuga mbwa, wala hakuna aliyesema kwa nini.

Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ziwani ili samaki wazaane. Wavuvi wa kuhamahama hukunja nyavu na kuondoka, na mbwa waliokuwa wakila matumbo ya samaki hubaki na mchanga mtupu. Msimu mmoja wa namna hiyo mdogo wangu wa kiume alitoka Kashikishi na mbwa jike, mwekundu, aliyefungwa shingoni kwa kamba ya wavu iliyokwisha kuingia kwenye ngozi. Aliikata kamba kwa wembe, akamwosha kwa maji ya chumvi, na kabla ya jioni alikuwa anamwita Kapita.

Mama hakuuliza jina kwanza, aliuliza chanjo. Nadhani huo ndio utaratibu sahihi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huwa ni kifo karibu kila mara, na watu wengi mno wanaokufa nacho wameumwa na mbwa. Huruma isiyofika kwa daktari wa mifugo inaweza kumuua mtoto wa jirani. Mbwa alipochanjwa ndipo mama akatoa hukumu ya pili: akae, ila jina hilo hapana. "Huyu hajaogelea," alisema.

Jirani yetu, mzee mwenyeji, hakukubaliana naye. Kwake jina lililoachwa tupu ni jambo baya. "Mwacheni apyane," alisema, "msimfanye yule wa kwanza azururе bila mahali."

Mwanafalsafa Seneca wa Roma angekuwa upande wa mzee, kwa sababu nyingine. Alimwandikia Lucilius, aliyefiwa na rafiki yake Flaccus, kwamba ni bora kutafuta rafiki mwingine kuliko kumlilia aliyekwenda. Ushauri huo unanikera. Unamfanya rafiki awe kama kiti: mmoja akiinuka, mwingine akae. Lakini katika barua hiyohiyo Seneca anakiri kwamba yeye mwenyewe alimlilia Annaeus Serenus kupita kiasi, na hapo ndipo ninapomwamini. Kant naye alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Tunawatendea wema ili tusizoee ukatili tukaupeleka kwa watu. Nilipousoma uchambuzi huo chuoni niliiwaza ile kamba ya wavu. Mdogo wangu hakuwa anafanya mazoezi ya kuwa mwema kwa binadamu. Palikuwa na shingo inayooza, naye alikuwa na wembe.

Mzee ananipa shida zaidi kuliko wanafalsafa hao wawili, kwa kuwa desturi yake haimfanyi mtu kiti. Anayepyana hapokei jina tupu. Anapokea pia watu wa kuwatunza na wajibu ambao marehemu hakuumaliza. Ndiyo maana anaulizwa, na anakabidhiwa mbele ya watu. Mbwa wetu hakuulizwa. Nikifuata desturi hiyo mpaka mwisho wake, naona kwamba mrithi katika jambo hili hakuwa yeye. Tuliorithi ni sisi. Kapita alitulinda miaka mitano, na deni lake tulilivusha ziwa.

Utasema deni la Juma halilipwi kwa Hamisi. Dukani ni kweli. Lakini mengi niliyopewa na bibi yangu sitaweza kumrudishia. Yatakwenda kwa watoto ambao hatawaona. Hatari ninayoiona ni nyingine: mbwa mpya kugeuzwa sanduku la kutumbukizia malipo ili sisi tulale vizuri. Na hilo hupimwa kwa mambo madogo. Mbwa huyu anaogopa mbuzi. Mgeni akija usiku, analala. Mara mbili ameiba mayai ya kuku wa mama. Kama tungekuwa tumemweka kwenye cheo cha Kapita, angefukuzwa kazi mwezi wa kwanza, na bado yupo.

Wapo waliomwambia mama kwamba mkimbizi hafugi mdomo wa ziada. Si hoja ya kupuuza. Siku ikija ya kuchagua kati ya mtoto na mbwa, neno la mwenye mtumbwi litasimama, nami sitabishana nalo. Ila siku nyingi si siku za mtumbwi. Siku nyingi kuna ukoko wa ugali chini ya sufuria, na swali ni nani atainama kuukwangua.

Nilipokuwa likizo nilisikia majina matatu. Mdogo wangu humwita Kapita mama akiwa shambani. Mzee jirani humpigia makofi akipita, kama anayemsalimu mwenye cheo, kisha hucheka peke yake. Mama humwita "wewe", na yeye ndiye anayemtoa miiba miguuni.