Ndoana Moja ya Petro: Kwa Kijana Ambaye Sala Zake Hazivuti Kitu



Vijana wenzangu, leo naanza na chemsha bongo. Katika Injili zote nne, ndoana inatajwa mara ngapi? Nyavu tunazijua: zile zilizoachwa ufukweni, zile zilizoanza kukatika, na ule wavu wa samaki 153 katika Yohane 21. Lakini ndoana? Mara moja tu. Fungua Mathayo 17:24-27. Na ni Mathayo peke yake anayeisimulia habari hii. Si ajabu, maana ni habari ya kodi, na yeye alikuwa mtoza ushuru.

Wakusanyaji wa kodi ya hekalu wanamuuliza Petro, kule Kafarnaumu, kama Mwalimu wake analipa au halipi. Yesu anamtuma Petro aende ziwani, atupe ndoana, amchukue samaki wa kwanza, amfungue mdomo. Humo atakuta sarafu, akalipe kwa ajili yao wawili.

Hebu mfikirie Petro. Huyu ni mvuvi wa biashara. Ana mashua, ana wenzake, amezoea kukesha na nyavu. Leo anaambiwa akavue kama wale watu unaowaona jioni juu ya mawe ya Coco Beach hapa Dar es Salaam: mtu mmoja, mshipi mmoja, ndoana moja, macho yote majini.

Nataka tukae kidogo na hao watu wa kwenye mawe. Mimi ni mtoto wa bara, bahari nimeijulia ukubwani, lakini siku za mapumziko napenda kwenda kuvua na mafrateri wenzangu. Vifaa vyetu ni vya kawaida kabisa: mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, chubwi la kuuzamisha, ndoana, na vipande vya ngisi kwa chambo. Siku nyingine tunapata changu wawili watatu. Siku nyingine tunarudi na harufu ya ngisi mikononi, basi. Na wiki inayofuata tunaenda tena.

Kwa nini tunaenda tena? Shikilia hilo swali, maana kuna lingine zito zaidi.

Kijana mmoja aliniandikia hivi: "Frateri, nimemaliza chuo miaka miwili sasa. Novena nimesali, kufunga nimefunga, kazi hakuna. Nimeacha kusali. Kwani nisiposali nakosa nini?"

Sitaki kumjibu kwamba subira yavuta heri halafu nikaondoka zangu. Mtu anayelala njaa atakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na ana haki ya kusema hivyo. Tujibu swali lake kama alivyouliza: anakosa nini?

Mwanzoni kabisa mwa kitabu chake cha maadili, Aristotle anatofautisha matendo ya aina mbili. Kuna tendo ambalo lengo lake ni kitu kingine kinachobaki baadaye: fundi anajenga ili nyumba ipatikane. Na kuna tendo ambalo lengo lake limo ndani yake lenyewe. Ukikaa barazani na rafiki yako mkapiga stori mpaka usiku, hakuna mtu anayekuuliza umezalisha nini. Kukaa naye ndiko ulikokuwa unakutaka.

Sasa angalia pale baharini. Yule anayevua ili auze, asipopata amepata hasara, na hasara yake ni ya kweli, kuna watoto wanamsubiri nyumbani. Tumheshimu, tusimcheke. Lakini yule anayevua kwa kujifurahisha, akirudi mikono mitupu, hajapoteza alichokifuata. Alikuwa na bahari. Samaki akija anafurahi kweli, anapiga na kelele, lakini samaki si sababu pekee ya yeye kuwa pale.

Sala ni ya aina gani? Bwana wetu mwenyewe ametufundisha kuomba mkate wa kila siku, kwa hiyo kuomba kazi si imani changa. Omba kazi. Lakini kama sala yangu yote ni ya kuhesabu kilo, basi Mungu nimemfanya wakala wa kutolea pesa: mtandao ukiwa chini, naondoka na kumlaumu. Ndugu yangu, hicho ndicho unachokikosa usiposali. Kazi ilikuwa imekosekana tayari. Sasa umekosa na bahari.

Najua utaniambia: "Frateri, hata hiyo bahari siioni. Napiga magoti, ni ukavu mtupu." Sawa. Twende kwenye maji kupwa.

Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kidogo, kama dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar inafika zaidi ya mita 3. Ukifika kwenye ghuba maji yamekupwa, unakuta mchanga, majani na mawe, na bahari iko mbali huko. Mgeni anasema hapa hakuna kitu. Nami siku moja nilimwuliza mzee mmoja wa pwani aliyekuwa akitembea pale maji yalipoondoka.

"Shikamoo, Babu. Mbona maji yamekwisha, nawe bado upo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa ndio naona chini. Pale kuna shimo, pale kuna mkondo, lile jiwe linakata mishipi. Yakijaa utajua wapi pa kutupa?"

Jibu hilo nimekaa nalo mpaka leo. Wakati wa ukavu unaona chini. Sala ikiwa tamu, maji yanafunika kila kitu. Yakikupwa ndipo unayaona mashimo yako: hasira uliyoizika, wivu kwa mwenzako aliyepata ajira, na lile jiwe linalokata mshipi wako kila mara. Tembea humo na Bwana, umwonyeshe shimo moja moja. Hiyo nayo ni sala, pengine ya kweli kuliko ile ya machozi ya furaha kwenye kongamano la vijana.

Na si wewe peke yako. Mtakatifu Teresa wa Avila, ambaye mwaka 1970 alitangazwa Mwalimu wa Kanisa, anaeleza kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa anatamani saa ya sala iishe, masikio yako kwenye saa. Lakini alibaki. Katekisimu nayo, namba 2731, inautaja ukavu huu kama shida inayowapata wale wanaotaka kusali kwa moyo. Kwa hiyo ukavu si cheti kwamba Mungu amekufuta.

Ila kubaki si kulala. Mvuvi wa mshipi anajua jambo moja: samaki wadogo wanadokoa chambo kimya kimya. Unaweza kukaa saa nzima unasubiri kwa uvumilivu mkubwa, kumbe ndoana iko tupu. Inabidi uvute, utazame, uweke chambo kingine. Basi fanya hivi wiki hii:

Kwanza, chagua saa yako. Mvuvi haendi tu akijisikia, anafuata maji. Dakika 15 alfajiri, kila siku, zinatosha kuanza.

Pili, angalia ni nini kinakudokolea chambo. Kwa wengi wetu ni simu. Iache chumba kingine, hizo dakika 15 dunia haitaanguka.

Tatu, sema haja yako waziwazi, mara moja, halafu nyamaza, ukae naye.

Nne, ukimaliza, amka ukapeleke barua za maombi ya kazi. Petro alitumwa kutupa ndoana, hakuambiwa samaki ataruka mwenyewe hadi mezani.

Turudi kwake huyo Petro. Umeona kitu cha ajabu katika habari ile? Injili haisimulii kwamba alimpata samaki. Yesu anamaliza kusema, na sura inaisha. Tunaamini neno la Bwana halikwenda bure, lakini Mathayo anatuacha pale, Petro akiwa na neno alilopewa na ndoana moja.

Na ile sarafu: kodi ilikuwa drakma mbili kwa kila mtu, nayo ilitosha watu wawili. Zingeweza kuwa sarafu mbili, ya Yesu na ya Petro. Ikawa moja, kwa ajili ya wote wawili. Kijana wangu uliyeniandikia, siwezi kukuahidi kazi mwezi ujao, sina mamlaka hayo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba Bwana hajakuweka kwenye hesabu yako peke yako. Deni lako na lake amelifunga pamoja. Tupa tena.

Tusali: Bwana Yesu, uliyemtuma Petro na ndoana moja, tupe sisi moyo wa kubaki ufukweni pako maji yakiwa yamekupwa. Haja zetu unazijua, tusaidie. Na kabla hazijajibiwa, tufundishe kukaa nawe. Amina.