Ndugu Wanapokuja Kumtazama Mzazi

Mama aliyejifungua Mbagala, Tandika au Tandale, jijini Dar es Salaam, kwa kawaida hakosi ndugu. Mama yake huja kutoka mkoani na mfuko wa ulezi, mama mkwe hufika, wifi hupita jioni. Kuchoka kwake hakuletwi na mtoto peke yake. Kunategemea pia ndugu hao wamekuja kufanya nini.

Kwa desturi, siku 40 za mwanzo ni za mzazi. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa mtori na uji wa pilipili manga, na nepi hufuliwa na wengine. Desturi hiyo ina maana kubwa, kwani mtoto mchanga hunyonya usiku kucha na mama asipolala mchana halali kabisa. Anayemshika mtoto ili mama apate usingizi amesaidia kuliko mwenye nasaha kumi.

Balaa huanza msaada unapokuja na amri. Kliniki hufundisha kuwa mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Nyumbani, akilia usiku, husemwa kwamba maziwa hayatoshi au ana chango, apewe maji au dawa ya kienyeji. Asipoongezeka uzito, minong'ono ya kubemendwa huanza, na lawama huwaangukia wazazi wake. Katika nyumba ya kupanga, ya chumba na sebule, mama hana hata pembe ya kulilia.

Mume naye mara nyingi hayupo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, au 100 akijifungua pacha. Baba hupewa angalau siku 3. Mama lishe na mwenye genge hawana hata hizo. Kipato cha mama kama huyo hukatika siku anayojifungua, baba hudamka kwenda kutafuta, na hela ya matumizi huzua ugomvi.

Watakuwepo wa kusema kwamba bibi zetu walizaa wanane bila kulalamika. Nani aliwauliza? Tena wengi wao waliishi na ndugu uani mwaka mzima. Mzazi wa mjini, arobaini ikiisha, wageni hupanda basi, naye hubaki na mtoto, labda na dada wa kazi ambaye naye bado ni mtoto.

Kwa hiyo wingi wa ndugu si kipimo. Ndugu wafue, wapike na wabebe mtoto. Chakula chake wawaachie mama na kliniki. Maneno ya mama mkwe ayajibu mwanawe, si mkwewe. Na huzuni ya mzazi ikizidi wiki 2, asiambiwe anadeka: apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa ni ugonjwa unaotibika.