Ya Mezani na ya Kupakata

Kiswahili kimezipa mashine hizi mbili majina yenye ukweli mwingi kuliko vibandiko vya dukani. Moja ni kompyuta ya mezani. Nyingine ni kompyuta mpakato, ingawa mtaani tunasema laptopu tu na maisha yanaendelea. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na mtoto mmoja hapakatwi na watu watatu kwa wakati mmoja. Anayepakatwa ana mtu wake. Mezani, kwa upande mwingine, ni mahali tu. Hakuna mtu aliyetajwa. Atakayefika atakaa.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa sababu ndugu zangu na mimi tulibishana wiki tatu kwenye kundi la WhatsApp kuhusu shilingi laki sita, na kadiri mabishano yalivyokolea ndivyo ilivyoonekana kwamba hatubishanii mashine kabisa.

Dada yangu anaishi Mbagala na watoto wake wawili. Mkubwa, wa kiume, ana miaka 19, anatengeneza biti za singeli na anarekodi kwaya mbili tatu za jirani, yote hayo kwa kompyuta za kuazima. Mdogo, wa kike, yuko kidato cha tatu. Dada mwenyewe ni fundi cherehani na katibu wa kikoba chao, kwa hiyo ana madaftari ya hesabu yasiyokwisha. Laki tatu na nusu zilitoka kwa dada, laki moja kwangu, na laki na nusu alizitafuta kijana mwenyewe kwa kubeba spika kwenye sherehe za watu. "Robo ya hela ni yangu," alisema, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Alitaka laptopu. Mama yake alitaka ya mezani. Mimi niliulizwa kwa kuwa ni mwandishi wa habari, na eti watu wa kalamu tunazijua kompyuta.

Niyamalize ya ufundi haraka. Kwa laki sita, ya mezani iliyotumika huwa na nguvu kuliko laptopu ya bei hiyo hiyo. Unaifungua kwa bisibisi, unaongeza memori leo na diski mwakani. Ina nafasi ya kupumua, na kwa muziki hilo si jambo dogo. Programu ya muziki haipeleki sauti tone kwa tone, inaipeleka kwa mafungu. Fungu la sampuli 512, kwenye sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua karibu milisekunde 12. Kabla fungu hilo halijaisha kuchezwa, mashine iwe imeshamaliza kukokotoa linalofuata, la sivyo unasikia mikwaruzo. Laptopu ikipata moto hujipunguzia kasi makusudi ili isiungue, na joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari halihitaji maelezo. Singeli nayo inakwenda mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Kwa mwendo huo pigo moja ni milisekunde 300. Ligawe mara nne unabaki na 75. Hapo hakuna pa kujificha.

Lakini laptopu ina betri. Umeme ukikatika kwaya imeshasimama, mwenye laptopu anaendelea, mwenye ya mezani anatafuta tochi. Na inakwenda. Kijana alilisema hili vizuri kuliko ninavyoweza: kwaya haiji sebuleni kwa mama yake, yeye ndiye anaifuata kanisani. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo mezani ya ufundi walikuwa sare, na mimi kama mjomba mwenye busara ningeweza kuishia hapo, nikasema "inategemea matumizi yako," kama wasemavyo wauzaji. Ila dada alikuwa ameshatamka neno jingine. Alisema: "Kinachotoka mlangoni sijui kitarudi lini." Wengi kwenye kundi walidhani anaongelea wezi, au anaogopa kijana ataiweka rehani siku mambo yakimbana. Pengine ndiyo. Mimi nilisikia kitu kingine. Alikuwa anauliza ile mashine itakuwa ya nani.

Muziki wetu kwa muda mrefu ulikuwa na makao. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar mpaka Bombay ili sauti yake inaswe kwenye santuri, kwa sababu mashine ya kunasa ilikuwa huko na yeye ndiye wa kusafiri. Baadaye bendi za dansi zilibeba magitaa yao kwenda studio za Radio Tanzania. Na hata singeli, muziki unaoonekana hauna adabu ya kukaa mahali pamoja, dunia iliusikia kupitia studio ya Mburahati. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa albamu ikaiita Sounds of Sisso. Jina ni la studio, maana vijana wengi waliomo walikuwa wanapitia hapo.

Kitu kinachokaa kinawalazimisha watu kukifuata, na wakishakifuata wanakutana. Umewahi kuingia kwenye studio ya uswahilini? Chumba kimoja, ukuta umebandikwa trei za mayai au godoro kuukuu, na nyuma ya kiti cha prodyuza wamesimama watoto wanne ambao hawana shughuli yoyote pale. Hawana shughuli, lakini wanatazama mkono unakwenda wapi. Mwezi wa tatu mmoja wao anakaa kwenye kiti prodyuza akienda kula. Prodyuza wengi wamepatikana hivyo, bila ada na bila cheti. Laptopu ina kifuniko. Ukikifunga, somo limekwisha, na unaondoka nalo kwapani.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kumuunga mkono dada bila kusita. Mashine ikae, watu waijie, nyumba iwe na chake. Hata Nyerere angekubali, nilijiambia. Katika insha yake ya Ujamaa ya mwaka 1962 alieleza kwamba kwa jadi zetu ardhi ilikuwa ya jamii, na mtu alikuwa na haki ya kuitumia, siyo kuifanya bidhaa yake. Haki ya kutumia bila haki ya kumiliki: ndiyo kompyuta ya mezani hiyo!

Halafu binti akaniandikia pembeni, nje ya kundi. Hakuwa amesema neno kwenye mjadala wote, na ukweli ni kwamba hakuna aliyemuuliza. "Shikamoo mjomba. Ikikaa sebuleni mimi nitaandika saa ngapi?"

Huyu binti anaandika hadithi. Zimo kwenye madaftari ya shule, nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi mbele, ili mwalimu akifungua asizione. Mwaka 1929 Virginia Woolf alitoa kitabu kizima kutetea jambo moja, kwamba mwanamke akitaka kuandika anahitaji fedha na chumba chenye kufuli. Sebule ya nyumba ya vyumba viwili Mbagala haina kufuli. Ina kaka mwenye kazi ya usiku, mama mwenye wateja wanaokuja kupima nguo, na majirani wanaosimama nyuma ya kiti kusoma kilichoandikwa. Wale watoto wanne wa studio niliowasifia hapo juu, kwa binti wa miaka 16 anayeandika jambo la moyoni, ni balaa.

Ndipo mfano wa ardhi ulipoanza kunisumbua. Ardhi ya kijiji ni pana, ukilima huku mwenzako atalima kule. Kiti cha kompyuta ni kimoja. Cha wote kikiwa kimoja, hukaliwa na mwenye sauti kubwa, na kazi ya kijana ina sauti kubwa kwa maana zote mbili: inasikika, na inaleta hela. Kazi ya binti haisikiki wala hailipi. Nani atamwambia kaka mtu ainuke, wakati kwaya imeshatanguliza malipo, ili mdogo wake aandike hadithi isiyoagizwa na mtu? Tuliokua na redio moja sebuleni tunajua. Ilikuwa ya nyumba nzima, lakini mkono uliogeuza kile kitufe ulikuwa mmoja, na haukuwa wa mama.

Sasa, mtu anaweza kusema basi nunua laptopu, binti ataichukua aingie nayo chumbani. Ataichukua kwa nani? Laptopu ile isingekuwa yake. Ingekuwa kwenye begi la kaka yake, Kibaha au Chanika, na akirudi usiku ingekuwa mapajani mwake. Hapa ndipo msimamo wangu ulipokaa, na bado uko hapo. Mashine zote mbili zingemdhulumu binti. Tofauti ni kwamba dhuluma ya laptopu isingeonekana: nyumba isingekuwa na kompyuta, basi, kama ilivyokuwa jana, na hakuna ambaye angemlalamikia mwenzake. Dhuluma ya mezani inatendeka sebuleni, mama anapita na kitambaa begani, anaona nani amekaa tangu saa kumi. Inaweza kusemwa. Jambo likiweza kusemwa, linaweza kupangiwa zamu.

Ikabaki ile robo ya kijana, na sikutaka ipite kimyakimya. Laki na nusu ya kubeba spika siyo mchango wa harusi. Huwezi kuichukua ukamwambia asante. Lakini kama alikuwa na robo ya laptopu, robo ipi? Kioo? Bawaba? Laptopu haigawanyiki. Ya mezani ni vipande tangu ilipozaliwa, na kila kipande kinaweza kuwa na mwenyewe. Nikapendekeza hivi: laki nne na nusu zinunue kasha, kioo, kibodi na kipanya, na hivyo ni vya nyumba. Laki na nusu inunue diski ya nje, kadi ya sauti iliyotumika, na hedifoni nzuri, na hivyo ni vya kijana peke yake. Nyimbo zake zote zikae kwenye diski yake. Siku akioa, au akigombana na mama yake, anachomoa vyake anaondoka, na nyumba inabaki na kompyuta.

Hedifoni nilizisisitiza kuliko kitu chochote. Watu huongea juu ya haki kama jambo la katiba, kumbe katika nyumba ya vyumba viwili haki nyingine ni waya wa mita moja na nusu. Kijana akivaa, binti analala. Binti akikaa saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameingia kwa neno lake la siri ambalo hata mama halijui (hili nalo lilihitaji simu mbili na kusihi kidogo), anaandika na hakuna aliyeamka wa kusimama nyuma yake. Kufuli la Woolf limepatikana nusu.

Kijana alikubali, lakini hakufurahi, na ana sababu. Kwaya zikimwita mbali, inambidi aende na rafiki yake mwenye laptopu, na rafiki anachukua nusu ya malipo. Yaani kila Jumamosi ya namna hiyo anakilipia kiti cha mdogo wake kutoka mfukoni mwake, kwa makubaliano yaliyopangwa na mama na mjomba. Hilo halijanikaa sawa. Nimemwambia dada kwamba zamu yake ya kikoba ikifika tena, laptopu iwe ya kwanza kwenye orodha, na iwe ya kijana, bila mjadala wa wiki tatu. Dada amesema ataona, na kuna paa linalovuja.

Juzi mpwa wangu alinitumia picha akiwa kwenye daladala. Diski iko mapajani, ameipakata kwa mikono miwili, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu ya rangi nyekundu. Chini ya picha ameandika: "Nipo njiani Kibaha. Mwambie dogo kiti kiko wazi mpaka saa tatu usiku, simu yake haipokelewi."