Gunia Kando ya Mshumaa

Jumuiya yetu ya Shanwe husali Jumamosi alfajiri, kila wiki nyumba nyingine. Mwezi wa sita, mahindi yalipoanza kuingia mjini, zamu ilifika kwa ndugu mmoja anayenunua nafaka vijijini na kuiuza kwa jumla. Sebule yake ilijaa magunia. Mama mwenye nyumba alitandika mikeka kwenye nafasi iliyobaki, akaleta kigoda, akakifunika kitambaa cheupe, akaweka msalaba na mshumaa. Pengine pa kukiweka hapakuwapo, kwa hiyo kigoda kikaegemea gunia, nalo lilikuwa lumbesa. Juu ya mdomo wake palishonewa kipande cha gunia jingine, kikashindiliwa mahindi mpaka kikatuna kama kichuguu, uzi mwekundu wa nailoni ukipita kwa hatua zilizolingana. Mtu alikuwa ameshona kwa uangalifu. Mwanga wa mshumaa ulicheza pale pale kwenye mshono, na mimi niliisikiliza Injili macho yakiwa kwenye ule uzi.

Tangu siku hiyo najiuliza tunamaanisha nini tunaposema imani ikae katikati ya maisha.

Tumezoea kusema Mungu kwanza. Maneno hayo yameandikwa kwenye bajaji, kwenye vibanda vya nguo, kwenye mabodi ya malori. Ni maneno mazuri, na aliyeyaandika alimlipa fundi rangi kwa fedha yake mwenyewe. Lakini “kwanza” ni neno la foleni. Wa kwanza kwenye foleni huhudumiwa, kisha huondoka kumpisha wa pili. Ndivyo wengi wetu tunavyomtendea Mungu, wala hatuna nia mbaya: tunampa alfajiri, tunampa Jumapili, tunampa zaka baada ya mavuno, halafu tunamhesabu kuwa amekwisha kuhudumiwa. Anaingia wa pili, naye ni biashara, na biashara haina desturi ya kuuliza aliyetangulia alisema nini. Kilicho katikati hakina zamu. Hakiondoki ili kingine kiingie, maana hivyo vingine vyote vinapata mahali pake kwa kupimwa umbali kutoka kwake.

Nabii Amosi, aliyekuwa mchungaji na mtunza mikuyu, aliliona jambo hili katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Wafanyabiashara wa Israeli waliishika sabato. Hawakufungua ghala siku hiyo, ila walikaa wakiisubiri iishe wapate kuuza nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani iliyochezewa. Wahubiri huwaita wanafiki na kupita. Mimi nadhani jambo ni zito zaidi, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba waliipenda sabato yao. Siku ile ilikuwa ya Mungu kweli. Ila walikuwa wameizungushia ukuta, na kipimo kilikaa nje ya ukuta.

Sheria yetu ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mnunuzi anajua, mkulima anajua, hata kijana anayepakia kwenye lori anajua, na bado magunia yanaingia mjini yamevimba. Mkulima amelipwa bei ya gunia moja, akatoa gunia na nyongeza yake. Hiyo nyongeza ilipaliliwa kama mahindi mengine, na ilivunwa na mikono ile ile. Hakuna aliyevunja mlango usiku. Kila kitu kimefanyika mchana, kwa salamu na kwa kupeana mikono, pengine kwa “Tumsifu Yesu Kristo” na “Milele amina”.

Kiswahili kinaiita katikati ya jambo kitovu, na sidhani tumelitafakari neno hilo vya kutosha. Katika mwili kitovu hakina nguvu ya mkono, hakioni, hakiamui. Ni kovu. Kinaonyesha mahali tulipolishwa kabla hatujajua kuomba chakula, na kila mtu anacho, tajiri na kibarua, mnunuzi na mkulima. Imani ikiwa kitovu, basi kabla haijawa orodha ya wajibu ni kumbukumbu kwamba uhai huu tuliupokea. Anayekumbuka hivyo anapata taabu kushona kipande cha pili juu ya gunia la mwenzake. Mkono unaweza kushona, lakini utakuwa unamsahaulisha mwenyewe alivyofika duniani.

Mkoa wetu wa Katavi umewahi kukiweka kitovu chake mahali mbalimbali. Kusini mwa mji wetu, kando ya ziwa Katavi, upo mkwaju ambao wazee husema ndimo ilimo roho ya Katabi, mwindaji wa kale, na watu wamekuwa wakipeleka sadaka pale. Patakatifu palikuwa na mahali pake. Mtu alifunga safari, akafika, akarudi. Ukristo nao ulianza huku ndani ya kuta. Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga ngome kuanzia 1879, na 1885 wakaikabidhi kwa wamisionari, Mapadri Weupe. Waliotafuta usalama au mafundisho waliisogelea ngome.

Kisha akaja Adrian Atiman. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akauzwa, Mapadri Weupe wakamkomboa na baadaye wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema 1889, akaoa huku huku, akafanya kazi mpaka kifo chake 1956. Cheo chake kiliandikwa kwa maneno mawili yaliyounganishwa: tabibu-katekista. Kile kistari kidogo kimenifundisha kuliko vitabu vingi. Jaribu kukikata. Saa alipokuwa akisafisha kidonda, alikuwa tabibu au katekista? Aliyenunuliwa kama bidhaa alitumia zaidi ya miaka 60 kuishika miili ya watu ambao hawakuwa wa ukoo wake, na katika maisha ya namna hiyo huwezi kuonyesha kwa kidole mahali imani ilipoishia na kazi ikaanza.

Safari hiyo ya kutoka ngomeni ndiyo, kwa maoni yangu, inayoeleza jumuiya zetu. Miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Wengi tunaziona kama mpango wa kukusanya michango na kujua nani mgonjwa. Mimi naona jambo kubwa zaidi: kitovu kilianza kuhama. Wiki hii kipo kwa mjane, wiki ijayo kwa mwenye mashine ya kusaga. Mshumaa unawashwa katikati ya ndoo za maji, viatu vya watoto na jembe lenye udongo, na kila kilichomo chumbani kinajikuta kando yake.

Hili lisichukuliwe kuwa ni wito wa kuzungumza dini kutwa nzima. Kuna anayemjibu kila mteja kwa mstari wa Biblia, na kuna anayehama mkesha hadi mkesha huku watoto wakilala na uji mwepesi. Kitovu hakipigi kelele. Jirani yangu Mwislamu hana haja ya kujua nimesali rozari ngapi, ila anajua kopo langu la kupimia lina ukubwa gani, na ushahidi wake juu ya imani yangu nauheshimu kuliko wa katekista.

Tulipomaliza sala siku ile, mama alizima mshumaa kwa vidole, akakunja kitambaa. Mumewe alibaki amesimama mbele ya lile gunia, mkono juu ya mshono. Sikumwuliza kitu, naye hakusema. Mwenyekiti akasoma zamu ya Jumamosi iliyofuata, na jina lilikuwa langu.

Nilirudi nyumbani nikaanza kutazama sebule yangu. Hakuna gunia. Kuna meza, kuna redio, na juu ya kabati kuna daftari ninaloandikia mambo ya shamba. Ukurasa wa mwisho una majina ya vijana wawili waliovuna mpunga wangu kule Kakese mwezi wa tano. Nimewalipa nusu. Iliyobaki niliwaambia wasubiri mpaka bei ipande niuze. Mpunga upo ghalani, fedha ya kuwalipa ninayo. Wanaishi nyuma ya soko, hata robo saa kwa baiskeli haifiki. Nilikaa na daftari mapajani mpaka jua likawa kali, nikilitazama kabati na nafasi iliyo kando yake, ambapo mke wangu alikuwa amekwisha kusema kigoda kitakaa.